Barua kwa Mhariri: Mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, kuna wakati ulikua Kibo

Mhariri, habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mtu wa Pangani, ila sa hizi naishi uku Garmisch-Partenkirchen, kusini kabisa mwa Ujerumani, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila nikitoka zamu ya usiku. Nawaandikia kuhusu ile makala yenu ya safari na utalii ambapo mmesema Zugspitze ndo mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Sikatai, kwa leo ni kweli kabisa. Ila gazeti la Kiswahili likiandika sentensi hiyo linatakiwa liongeze na nyingine moja, mana kuna kipindi cha miaka kama 30 hivi watoto wa shule wa uku walikua wanafundishwa jibu tofauti, na jibu lenyewe lilikua Kilimanjaro, yaani Kibo, kilele chake kirefu kuliko vyote.

Mi mwenyewe sikulijua hili mpaka nilipokuja. Kuna bibi mmoja namuhudumia, ana miaka tisini na kitu, siku ya kwanza namuogesha akaniuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, akatulia kidogo alafu akasema, baba yangu alisoma shule kabla ya vita ya kwanza, alikua anatusimulia kwamba mwalimu akiuliza mlima mrefu wa Ujerumani ni upi ukajibu Zugspitze unapata kosa, jibu sahihi ni Kilimanjaro. Akaniangalia kama anasubiri niseme kitu. Sikua na la kusema siku ile. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na tangu hapo kila asubuhi nikifungua dirisha na kuuona huu mlima nakua na mambo mengi kichwani, ndo hayo nataka kuyasema, naomba mniwie radhi nikienda mbali kidogo.

Kwanza niseme mlima wenyewe ukoje, mana makala yenu iliruka haraka ikaenda kwenye bei za hoteli. Zugspitze uko kwenye safu inaitwa Wetterstein, mpaka wa Ujerumani na Austria unapita hapohapo kileleni. Chini upande wa huku kuna ziwa la Eibsee, maji yake ya kijani kama bahari ya kwetu pale penye mchanga mweupe, na ziwa lile lilizaliwa na maporomoko makubwa ya mawe kutoka mlimani, wanasayansi wanakadiria ilikua miaka kama 3,700 iliyopita. Juu kuna msalaba wa dhahabu ambao wa kwanza kabisa ulipandishwa mwaka 1851 ukiwa vipandevipande, watu wakaubeba mgongoni. Zamani vilele vilikua vitatu. Cha katikati wakajengea kituo cha kebo, cha magharibi ambacho ndo kilikua kirefu kidogo kuliko wenzake wakakilipua kwa baruti mwaka 1938 wakitaka kujenga kituo cha jeshi la anga, kimebaki cha mashariki peke yake ndo bado mwamba wa asili. Treni ya meno inapanda mpaka juu tangu 1930, inapita ndani ya mwamba kwa kilometa kadhaa, na tangu Desemba 2017 kuna kebo mpya ambayo nguzo yake ina mita 127 na kutoka nguzo hiyo mpaka juu waya unaning'inia mita 3,213 bila kushikwa na kitu. Nimepanda mara mbili. Mara ya kwanza nilifumba macho, mara ya pili nikayafumbua.

Kitu ambacho kimenishika zaidi ni jiwe lake. Huu mlima wote ni chokaa. Yaani jiwe lilelile la ukoo wa mawe tunayojengea sisi pwani. Miaka zaidi ya milioni 200 iliyopita hapa palikua bahari ya joto, maji mafupi, na mwani na sifongo na matumbawe vilikua vinaishi vinakufa vinajikusanya juu kwa juu mpaka vikawa mwamba mnene, alafu baadae sana ardhi ya upande wa Afrika ikawa inasogea kaskazini inaisukuma Ulaya, ule mwamba wa chini ya bahari ukakunjwa na kupandishwa mpaka ukawa Alps. Afrika ndo iliusukuma. Mtu aliekulia Pangani kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, aliewahi kuona wazee wanapanga matumbawe juu ya magogo wanachoma tanuri la chokaa, akisimama mita 2,962 juu na kuambiwa hapa palikua baharini, mi nawaambia anasikia kitu mwilini. Nililishika lile jiwe la kijivujivu kwa mkono. Ni gumu kuliko la kwetu, limeshindiliwa muda mrefu mno, lakini ni ndugu.

Na linafanya tabia zilezile za chokaa. Pale chini ya kilele kuna uwanda mpana unaitwa Zugspitzplatt, mvua inanyesha, theluji inayeyuka, lakini mto juu ya ardhi huuoni, maji yote yanaingia kwenye nyufa na mashimo yanapotelea ndani ya mlima, yanaenda kutokea chini mbali kwenye chemchemi ya mto Partnach. Mto huo ndo umekata lile korongo la Partnachklamm hapa jirani na mjini, urefu kama mita 700 na kuta zake zinafika mita 80, ukipita ndani unalowa na husikii hata mtu alie pembeni yako. Wanaoijua Tanga watanielewa nikisema ni kazi ileile iliyochonga mapango ya Amboni, maji na chokaa na muda. Kibo sio hivyo, Kibo ni mlima wa moto, jiwe lake ni la volkano. Kumbukeni hilo mana jiwe la Kibo nalo lina habari yake.

Sasa nirudi kwenye lile jibu la shule. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer wa Leipzig na mwenzake Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi kutoka Austria ambae siku hiyohiyo alikua anatimiza miaka 40, walifika juu ya Kibo. Purtscheller alikua mtu wa Alps hasa, miamba hii ya chokaa ndo alikojifunzia, mpaka leo karibu na Berchtesgaden, upande wa mashariki wa Bavaria hii, kuna nyumba ya wapanda mlima yenye jina lake kwenye mlima wa Hoher Göll, na mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya nyumba. Kule juu ya Kibo barafu lilikua limetanda kila mahali, ikabidi wachonge ngazi kwa shoka hatua kwa hatua. Walipofika Meyer akapiga kelele za shangwe mara tatu kwa ajili ya mfalme wao na kupaita mahali pale Kaiser-Wilhelm-Spitze, yaani kilele cha Kaiser Wilhelm. Basi kuanzia hapo ikawa ndo mlima mrefu wa Wajerumani, na Zugspitze wa watu ukashushwa cheo ukawa mrefu wa huku nyumbani tu. Ikabaki hivyo mpaka waliposhindwa vita na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawanyang'anya makoloni yote. Zugspitze ukarudishiwa nafasi yake. Kwaiyo mnapoandika "mlima mrefu kuliko yote Ujerumani" mjue hicho cheo kimerudi baada ya wao kuutema wa kwetu.

Ila mi natoka Pangani, na mtu wa Pangani hawezi kusikia jina la Meyer akanyamaza. Mwaka mmoja kabla, 1888, huyu Meyer alikua kajaribu kupanda akiwa na Oscar Baumann wa Vienna, wakakwama Usambara mana pwani yote ilikua imewaka, watu wa Pangani na Abushiri bin Salim wamekataa bendera ya kampuni ya Wajerumani. Wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakaletwa kwa Abushiri, wakaachiwa kwa fidia ya rupia elfu 10. Ndo mana safari ya 1889 akapitia Mombasa na Taveta mpaka Marangu kwa Mangi Marealle, njia ya kwetu ilikua haipitiki. Alafu angalieni tarehe. Meyer kafika kileleni Oktoba 6. Abushiri kanyongwa hapo kwetu Pangani Desemba 15, mwaka huohuo. Miezi miwili na siku chache. Mambo haya mawili shuleni tulifundishwa kama hayajuani, moja kwenye jiografia lingine kwenye historia, wakati ni nguvu ileile moja, huku inapanda mlima inauita jina la mfalme wake, huku inamnyonga mtu kwenye mdomo wa mto.

Na kuna mtu wa tatu wa Pangani kwenye habari hii ambae nahisi wasomaji wengi hawajawahi kumsikia. Meyer kwenye maandishi yake kamtaja kwa jina la Muini Amani, sisi bila shaka tungesema Mwinyi Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine walibaki chini, wanapandisha chakula kutoka Marangu kila baada ya siku kadhaa, lakini Mwinyi Amani alikaa na wale wawili kwenye kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, wiki mbili na zaidi. Anapika, anatafuta kuni mahali ambapo hamna miti, analinda hema wakati wenzake wamekwenda kwenye barafu. Mtu aliezaliwa kwenye joto la Pangani, kwenye minazi. Mi naishi hapa mita 700 tu na Januari vidole vinaniuma mpaka nataka kulia, na nina jaketi na hita, yeye alilala kule juu usiku wa barafu na asubuhi akaamka kuwasha moto wa watu. Bila uji wake na moto wake hakuna mtu angechonga ngazi hata moja.

Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, vizuri sana, jina lake linatajwa na wageni wanalisoma. Mwinyi Amani kwao hana hata kibao. Nimezaliwa Pangani, nimesoma shule mbili pale, sikuwahi kulisikia jina lake mpaka nilipokuja kulikuta kwenye kitabu cha Kijerumani, niko na kamusi mkononi usiku wa manane. Hilo limeniumiza kwa kweli.

Alafu cha kushangaza, hata hawa wenyewe kwenye mlima wao wamefanyiana hivyohivyo. Vitabu vinasema alieupanda Zugspitze wa kwanza ni Josef Naus, luteni wa jeshi la Bavaria aliekua anapima ramani, Agosti 27, 1820. Ila Naus hakwenda peke yake, alieijua njia na kuongoza alikua Johann Georg Tauschl, mtu wa hukuhuku, na muulize mgeni yeyote kwenye kebo kama anamjua Tauschl. Na kwenye miaka ya 2000 ikapatikana kwenye makavazi ramani ya karne ya 18 imechorwa njia inayopita huko juu, kwaiyo wengi wakaanza kusema pengine wachungaji na wawindaji wa hapa walishafika kileleni miaka mingi kabla luteni hajazaliwa, hawakuona sababu ya kuandika tu. Nilipomsimulia yule bibi akatikisa kichwa akasema siku zote ni hivyo, anaebeba mzigo hana kalamu. Nimeliandika hapa kama alivyolisema.

Lile jiwe sasa. Meyer alishuka Kibo na jiwe la kileleni, akampelekea Kaiser zawadi, likaenda kuwekwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mapango katika jumba la Neues Palais mjini Potsdam, ukumbi umepambwa kwa makombe ya baharini na madini ya kila namna. Ncha ya mlima wetu ikawa pambo la sebule ya mtu. Uhuru ulipokuja, usiku wa Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha bendera na mwenge pale pale, na kilele kikaitwa Uhuru. Jina likarudi. Nilikwenda Potsdam na treni kiangazi kilichopita, safari ya kutwa nzima, nikasimama kwenye ule ukumbi kati ya watalii nikiwa na khanga begani, nikasoma alhamdu kwa ajili ya Mwinyi Amani kimoyomoyo mana sikujua pengine pa kuisomea.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu hii milima miwili, nalo ni barafu. Makala yenu ilisema Zugspitze una barafu la kudumu mwaka mzima. Mhariri hapo naomba msahihishe. Yalikua mabarafu mawili kwenye ule uwanda, Schneeferner ya kusini na ya kaskazini, na Septemba 2022 Chuo cha Sayansi cha Bavaria kikatangaza kwamba ile ya kusini haihesabiki tena, imekua nyembamba mno, sehemu kubwa haifiki hata mita 2, haisogei tena kama barafu linavyotakiwa kusogea. Ujerumani nzima wakati huo yakawa yamebaki manne tu. Walijaribu mpaka kulifunika na maturubai makubwa wakati wa kiangazi, tangu 1993 wakafunika karibu miaka 20, wakaacha, haikusaidia. Na sio kwamba urembo tu ndo unaondoka, ndani ya nyufa za mwamba huu wa chokaa kuna barafu linaloshika mawe kama saruji, likilegea mlima unaachia, na ndo mana tangu 2007 wamechimba mashimo ndani ya kilele wanapima joto la jiwe mwaka mzima.

Kwetu ndo kabisa. Barafu lililokua Kibo mwaka 1912, ilipofika 2007 asilimia 85 lilikua limeshapotea. Lile alilochonga Purtscheller ngazi ukienda leo utatembea kwenye mchanga na mawe. Waongozaji na wapagazi wetu wa Moshi, wagumu kama wanavyojiita, wanaliona kila wiki kwa macho yao, na Januari 2006 watalii watatu Wamarekani waliuawa na mawe yaliyoporomoka upande wa Western Breach, njia ikafungwa kwa muda. Uku kuna watu wanalipwa mshahara wa kusikiliza joto la jiwe. Naomba mtume mwandishi Marangu au Machame akawaulize wagumu wameona nini kimebadilika, mawe gani yanaachia na saa ngapi, mana wao ndo wanajua na hakuna anaewaandika, ndo kilekile cha Tauschl na cha Mwinyi Amani, tena wakati huu wako hai na wana simu mfukoni.

Maombi yangu ni hayo basi. Mrekebishe ile habari ya barafu, na mkiandika tena kuhusu Zugspitze mweke ile sentensi ya pili. Na la mwisho nawaambia watu wa nyumbani wanaosoma ukurasa huu, Pangani mjini, Bweni ng'ambo ya mto, Mkwaja, Kipumbwi. Kama kuna familia ambayo kwao kulikua na babu wa babu aliewahi kwenda bara na Wazungu wawili akarudi anasimulia baridi, mlima mweupe, kuni za kutafuta kutwa, au kama jina la Amani linarudiarudia kwenye ukoo wenu na wazee wana neno, msikae nalo, liandikeni mlilete hapa gazetini kabla wazee hawajaondoka. Hata kama ni sentensi moja. Mi nitakua nafungua simu kila asubuhi nikitoka zamu.

Wasalaam,
Mwana wa Pangani, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani